Kutoka Barabarani Hadi Kwenye Sheria: Miaka Mia ya Kudai Haki ya Uchumi Katikati ya Nairobi

1921–1922: Nani alipe kodi

Mwaka 1921 serikali ya Koloni la Kenya ilijaribu kuwatoza masetla kodi ya mapato. Walikataa katakata. Walikuwa na viti katika Baraza la Kutunga Sheria, walikuwa na magazeti yao, na walikuwa na watetezi London. Mwaka uliofuata kodi ile ikafutwa, wala haikurudi hadi 1937. Miaka hiyohiyo Mwafrika, asiyekuwa na kiti hata kimoja barazani, alipandishiwa kodi ya kibanda hadi shilingi 16 kwa mwaka. Bei ya mazao ilipoanguka baada ya Vita Kuu, waajiri wa Kizungu walipatana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi. Na ili mtu asiikimbie kazi yenye ujira huo, alivishwa kipande: kijaluba cha bati shingoni, ndani yake karatasi yenye alama za vidole vyake na jina la mwajiri wake.

Anayetaka kujua sera ya uchumi ya Kenya ilizaliwaje, na aanzie hapo. Mwenye mashamba makubwa alisamehewa, asiyekuwa na kitu akaongezewa mzigo, na sababu haikuwa upungufu wa fedha peke yake. Mmoja alikuwa na sauti mahali sheria zinapotungwa. Mwingine hakuwa nayo.

Harry Thuku aliuona mpango huo kwa karibu, maana alikuwa opereta wa simu katika ofisi za Hazina hapa Nairobi. Chama alichokiongoza, East African Association, hakikuwa cha kabila moja. Kiliwakusanya watu wa asili mbalimbali waliofanya kazi mjini, na kilisaidiwa na Wahindi kama mhariri M. A. Desai. Kilipinga kodi, kipande, kukatwa mishahara na kulazimishwa kwa wanawake kufanya kazi mashambani. Tarehe 14 Machi 1922 Thuku alikamatwa. Wafanyakazi waliacha kazi, na kufikia tarehe 16 maelfu walikuwa wamekusanyika mbele ya kambi ya polisi, upande ule wa mji ambako leo kuna Kituo Kikuu cha Polisi na Chuo Kikuu cha Nairobi.

Wajumbe waliotumwa kuzungumza na serikali walirudi wakiwaomba watu watawanyike. Hapo Mary Muthoni Nyanjiru akasimama. Aliwaambia wanaume wampe suruali zao, wao wachukue gauni lake, kisha wanawake wakasonga mbele kuelekea mitutu ya bunduki. Askari walifyatua risasi, na masetla waliokuwa kwenye baraza ya Hoteli ya Norfolk nao wakapiga. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilihesabu maiti 21. Watu waliokuwapo walihesabu nyingi zaidi.

Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu, akarudi karibu miaka tisa baadaye. Lakini kodi ilishushwa hadi shilingi 12. Mwenendo huo utajirudia katika karne nzima: anayedai huadhibiwa, kisha sehemu ya dai lake huchukuliwa na walewale waliomwadhibu. Ninachosimulia hapa ni umbali uliopo kati ya siku dai linapotamkwa barabarani na siku linapoandikwa kwenye sheria, na watu waliogharamia umbali huo.

1935–1954: Mshahara wa mtu asiye na familia

Makhan Singh alifika Nairobi akiwa mvulana na akafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake. Mwaka 1935 alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi kilichofungua mlango kwa watu wa rangi zote, jambo ambalo katika mji uliotenga hata vyoo kwa rangi ya ngozi lilikuwa tishio. Mgomo wao wa 1937, uliodumu miezi miwili, ulileta nyongeza ya mishahara na siku ya kazi ya saa nane.

Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai waliunganisha vyama kadhaa kuwa East African Trade Union Congress. Wakati huo Nairobi ilikuwa imepangwa juu ya dhana moja kuu, kwamba Mwafrika yuko mjini kwa muda tu. Mshahara wake ulipigiwa hesabu ya mwanamume mmoja, kana kwamba hana mke wala mtoto, na nyumba aliyopewa ilikuwa kitanda ndani ya chumba cha watu kadhaa. Waliobaki nyumbani walilishwa na jembe la mama, Murang'a, Machakos au Nyanza. Kwa maneno mengine, shamba la mwanamke asiyelipwa lilikuwa likichangia faida ya maduka ya Government Road. Sijui kama kuna ruzuku kubwa kuliko hiyo katika historia ya uchumi wetu, na haikuandikwa katika bajeti yoyote.

Machi 1950 Nairobi ilipewa hadhi ya jiji kwa hati ya mfalme. Sherehe zilifanyika na vyama vya wafanyakazi vikazisusia. Mwezi uliofuata, tarehe 23 Aprili, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Kwake mshahara na bendera vilikuwa jambo moja: serikali isiyochaguliwa na wafanyakazi haiwezi kuwapa mshahara wa haki. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai walikamatwa. Jiji liligoma kwa zaidi ya wiki moja, na polisi wakatumia virungu na mabomu ya machozi. Singh alizuiliwa sehemu kama Lokitaung na Maralal hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka kumi na moja.

Mwaka 1954, huku Vita vya Mau Mau vikiendelea na Singh akiwa bado kizuizini, kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilikiri kwamba mshahara wa Mwafrika mjini haukumtosha hata yeye mwenyewe, ikapendekeza upimwe kwa mahitaji ya familia. Walioandika hivyo hawakufungwa.

1963–1969: Waraka nambari 10

Uhuru ulipokuja, swali lilikuwa lilelile katika mikono mipya. Ardhi ya masetla irudi kwa watu kwa njia gani, na mali igawanywe vipi? Serikali ya Jomo Kenyatta iliamua mashamba yanunuliwe, kwa mikopo iliyotoka hasa Uingereza, na wakulima wapya wayalipie. Bildad Kaggia, aliyehukumiwa pamoja na Kenyatta huko Kapenguria, alikuwa naibu waziri. Alipinga wazo kwamba mtu anunue kitu alichonyang'anywa babake, na mwaka 1964 akapoteza wadhifa wake. Mwaka 1965, katika mkutano wa hadhara Kandara, Kenyatta alimuuliza mbele ya umati yeye Kaggia amejifanyia nini, akamtajia wenzao wa gerezani waliokuwa sasa na mali. Swali hilo lilisema mengi kuliko sera yoyote iliyochapishwa. Lilitangaza kwamba kipimo cha mzalendo sasa ni shamba lake binafsi.

Pio Gama Pinto alikuwa mwanafikra na mratibu wa kundi hilo la mrengo wa kushoto. Alizaliwa Nairobi, akazuiliwa wakati wa Hali ya Hatari, na baada ya uhuru akawa mbunge. Tarehe 24 Februari 1965, nje ya nyumba yake Westlands, alipigwa risasi ndani ya gari lake, binti yake mdogo akiwa humo.

Wiki chache baadaye serikali ilitoa Waraka Nambari 10 wa 1965, kuhusu ujamaa wa Kiafrika na matumizi yake katika mipango ya Kenya. Uliandaliwa katika wizara ya Tom Mboya, ambaye naibu wake alikuwa mwanauchumi Mwai Kibaki. Mboya hakuwa mtu wa matajiri. Alikulia katika vyama vya wafanyakazi, alifanya kazi ya ukaguzi wa afya katika baraza la jiji hili, na aliamini kwa dhati kwamba nchi maskini haiwezi kugawana isichozalisha. Waraka wake uliahidi usawa wa nafasi, uhuru dhidi ya njaa, magonjwa na unyonyaji, na mapato yanayogawanywa kwa haki. Lakini njia uliyoichagua ilikuwa kukua kwanza. Mali ya binafsi ililindwa, utaifishaji ukawekewa masharti makali, na fedha za maendeleo zikaelekezwa kule ambako zingezaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme.

Fikiria maana ya uamuzi huo kwenye ramani. Penye barabara na umeme mwaka 1965 palikuwa pale masetla walipokuwa, kandokando ya reli. Waraka ulichukua ramani ya mkoloni ukaifanya mpango wa taifa. Turkana, Marsabit, Garissa, na sehemu kubwa ya Pwani ziliambiwa zingoje. Sidhani kuna ukurasa mwingine uliochora maisha ya Wakenya wengi kiasi hicho.

Waliouona mtego wake hawakuwa wachache. Julai 1965 mwanauchumi Barack Obama Sr., aliyetoka masomoni Harvard, aliuchambua hadharani katika jarida la East Africa Journal, akitaka serikali ikabili mapema mrundikano wa mali mikononi mwa wachache na izingatie ushirika. Mwaka 1966 Oginga Odinga, baada ya kuvuliwa nguvu katika mkutano wa chama tawala, KANU, huko Limuru, alijiuzulu umakamu wa rais akaunda KPU. Chama hicho kilidai ardhi kwa wasio nayo na elimu ya msingi bila malipo. Katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo kilishinda viti tisa tu, kikiwa kimebanwa kila upande.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, Mboya alitoka katika duka la dawa la Chhani kwenye Government Road, barabara tunayoiita leo Moi Avenue, akapigwa risasi. Aliyekuwa mwandishi wa njia ya katikati aliuawa kama Pinto aliyekuwa wa kushoto. Mwezi Oktoba, baada ya mauaji ya watu Kisumu mbele ya Kenyatta, KPU ilipigwa marufuku na Odinga akazuiliwa. Chini ya miaka mitano, mjadala wote wa wazi kuhusu uchumi wa Kenya uelekee wapi ulikuwa umezimwa.

1972–1975: Jua kali

Shirika la Kazi Duniani lilituma ujumbe ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, na ripoti yake ya 1972 ikasomwa ulimwenguni kote. Wataalamu hao walitazama mafundi wa viatu, wachomeleaji, wauza mboga na maseremala, watu wa jua kali waliokuwa wakifukuzwa mjini, wakaona ambacho wapangaji wa Nairobi walikataa kukiona. Watu hawa walikuwa wakizalisha, wakifundishana kazi na wakilisha familia bila mkopo wa benki wala ruzuku. Tatizo lao kubwa lilikuwa ni serikali yenyewe, iliyowabomolea vibanda na kuwanyima leseni. Ripoti ilipendekeza wasaidiwe, na ukuaji uende sambamba na kugawa upya mapato.

Serikali ilijibu kwa waraka mwingine, Nambari 10 wa 1973, ikikubali mengi kwa maneno. Mapendekezo ya kugusa ardhi na mali ya wakubwa hayakuenda popote. Hilo halishangazi, kwa kuwa tangu 1971, kufuatia tume ya Ndegwa, watumishi wa umma waliruhusiwa kufanya biashara. Mtu wa kutoa leseni sasa aliweza kuwa mwenye duka. Na kanjo, askari wa jiji, wameendelea kumkimbiza mchuuzi wa Nairobi, mzigo wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni, miongo mitano baada ya dunia nzima kujifunza kutoka kwake.

Jambo moja lilisogea. Desemba 1973 Kenyatta alitangaza karo iondolewe kutoka darasa la kwanza hadi la nne. Lilikuwa dai la KPU. Watoto wakafurika madarasani, kisha shule zikaanzisha michango ya ujenzi, na wengi wa maskini wakarudi nyumbani.

J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alikuwa mwenyewe tajiri, lakini alisema waziwazi kwamba nchi isiwe ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Machi 2, 1975 alionekana akitoka Hoteli ya Hilton, hatua chache kutoka alipoangukia Mboya, akiwa na mkuu wa kikosi cha polisi cha GSU. Mwili wake uliokotwa Ngong. Kamati teule ya Bunge iliwataja waliopaswa kuchunguzwa, na hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

1980–1992: Kugawana gharama

Mafuta yalipanda bei, kahawa ikashuka, na mwaka 1980 Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuchukua mkopo wa Benki ya Dunia wenye masharti ya kurekebisha uchumi. Masharti yalikuja taratibu: ruzuku zipunguzwe, udhibiti wa bei uondolewe, mwananchi achangie huduma.

Desemba 1989 hospitali za serikali zilianza kutoza ada. Watafiti walihesabu wagonjwa katika kliniki maalumu ya magonjwa ya zinaa ya Nairobi kabla na baada ya ada hiyo. Wanaume waliohudhuria walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, wanawake hadi asilimia 65. Na huu ulikuwa wakati UKIMWI ukisambaa. Mtu aliyekosa hela ya kujisajili hakupona kwa sababu bajeti imesawazishwa. Alirudi nyumbani na ugonjwa wake, na kwa mwenzi wake. Ada iliondolewa 1990, kisha ikarudi.

Mwaka huohuo wa 1989 chama kilichotawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, kwa gharama ya dola milioni 200 hivi, nyingi za kukopa. Profesa Wangari Maathai aliandika barua kwa kila aliyeweza kumsikiliza. Wengi hukumbuka alitetea miti, na ni kweli, lakini hoja yake ilikuwa pia ya uchumi. Aliuliza kwa nini nchi isiyo na dawa hospitalini ikope kwa ajili ya mnara. Wabunge walimtukana, ofisi yake ikahamishwa, na wafadhili wakajiondoa. Jumba halikujengwa.

Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikita kambi katika kona ya bustani hiyohiyo. Polisi walipowapiga, baadhi yao walivua nguo mbele ya askari, wakiwalaani kwa namna ambayo Nyanjiru angeielewa. Walihamia Kanisa Kuu la All Saints, ng'ambo ya barabara, na wengi wa wana wao wakaachiliwa.

2003–2010: Yaliyoandikwa hatimaye

Kibaki, yule naibu wa Mboya, aliapishwa kuwa rais katika Bustani ya Uhuru tarehe 30 Desemba 2002. Siku chache baadaye elimu ya msingi ikawa bila malipo, na watoto wapatao milioni 1.3 zaidi wakaingia darasani. Walimu wa mitaa ya mabanda walijikuta na wanafunzi mia chumba kimoja, na ubora ukaumia. Hata hivyo sitamsikiliza anayesema lilikuwa kosa. Kutoka dai la KPU la 1966 hadi Januari 2003 ni miaka 37. Mtoto aliyepaswa kuanza shule wakati wa dai alikuwa sasa mzazi, labda babu.

Baada ya machafuko ya 2007 na 2008, yaliyoonyesha jinsi ardhi na ukosefu wa usawa vinavyoweza kuichoma nchi, Wakenya waliandika katiba mpya. Ilizinduliwa katika bustani hiyohiyo tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 43 kinatambua haki ya kila mtu ya afya, makao, chakula, maji, elimu na hifadhi ya jamii. Kaunti zilihakikishiwa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Hazina ya Usawazishaji ikaundwa kwa ajili ya maeneo yaliyosahauliwa. Hayo yalikuwa majibu ya moja kwa moja kwa ramani ya Waraka Nambari 10. Na kifungu cha 201 kinasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, sentensi ambayo waliouawa mbele ya Norfolk walikuwa wameidai miaka 88 kabla yake.

Utekelezaji haukufanana na maandishi. Kujifungua bila malipo katika hospitali za umma kulianza 2013, na wazee wenye miaka 70 na zaidi wakaanza kupata pesa za mpango wa Inua Jamii 2018. Ilhali miaka hiyohiyo serikali ilikopa kwa kasi isiyowahi kuonekana, kwa reli, barabara na hatifungani za masoko ya nje. Riba ilianza kula kodi kabla dawa hazijanunuliwa.

2024–2025: Mkate

Mswada wa Fedha wa 2024 ulinuia kukusanya takriban shilingi bilioni 346 zaidi. Ulipendekeza mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, magari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, na tozo ya mazingira iliyogusa hata taulo za hedhi. Vijana waliusoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaufafanua kwa video za simu. Hawakuwa na kiongozi wala chama. Juni 18 walijaa katikati ya jiji. Mkate na baadhi ya tozo zikaondolewa, nao wakasema Mswada mzima ukataliwe.

Tarehe 25 Juni wabunge walipiga kura ya kuupitisha, na muda mfupi baadaye waandamanaji wakaingia Bungeni. Polisi walipiga risasi katika barabara zinazolizunguka. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza hatatia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 39 waliokufa kufikia mwanzo wa Julai, na kabla ya mwaka kwisha idadi ilipita 60. Wengi walikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, wamezaliwa karibu na wakati karo ilipofutwa. Walikuwa kizazi kilichofundishwa kusoma kwa fedha za umma, na walichokisoma ni bajeti.

Desemba 2024 baadhi ya tozo zilirudi kupitia sheria nyingine za kodi. Lakini Mswada wa 2025 haukuthubutu kupandisha viwango vikuu vya kodi, na Wizara ya Fedha ililitangaza hilo mapema, wiki nyingi kabla ya kuusoma. Juni 25 mwaka huo watu walirudi barabarani kuwakumbuka waliouawa, na wengine wakauawa. Siku iliyofuata Rais aliutia sahihi Mswada huo. Mkate haukuguswa. Makato ya nyumba ya asilimia 1.5 na ya bima ya afya ya asilimia 2.75 yalibaki kwenye hati ya mshahara wa kila mwajiriwa, kuanzia mlinzi wa jengo hadi mkurugenzi wake, kwa kiwango kilekile.